Alhamisi 412 za Mwalimu Asnath Mgonja

Mwalimu Asnath Eliya Mgonja anastaafu utumishi wa umma leo, Alhamisi tarehe 27 Agosti 2026, baada ya kufundisha kemia kwa miaka thelathini na minne. Kati ya hiyo, ishirini na miwili ameitumia katika shule yetu hapa juu ya Mbamba Bay. Na kati ya hiyo ishirini na miwili, kumi na mmoja aliitumia kukosea. Tunaanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe ameomba tuanze nalo.

Kwa desturi wasifu kama huu huandikwa na mwalimu mwenzake. Mwalimu Baltazar, ambaye ni mwalimu wa taaluma, aliwaomba walimu saba. Wawili walikuwa na semina, mmoja alikuwa na harusi ya shemeji, mmoja alisema Kiswahili chake si kizuri ingawa ndicho anachofundisha, na watatu walisema wataandika kesho. Kesho ilipopita mara ya tatu, kazi ililetwa kwetu Klabu ya Kemia, pamoja na maagizo mawili: tuandike ukweli, na tuandike kwa ufupi. Tumejitahidi sana katika lile la kwanza.

Tulipewa pia karatasi ya ofisi yenye orodha ya mafanikio ya mstaafu. La kwanza limeandikwa kwa herufi kubwa: "Mgunduzi wa Athari ya Alhamisi." Athari hiyo imetajwa pia kwenye kibao cha getini, na maneno hayohayo yamechongwa kwenye ngao ya mbao ambayo mgeni rasmi atamkabidhi leo. Mwalimu Asnath alipoiona ngao hiyo wiki mbili zilizopita, alimwambia Mkuu wa Shule, Mwalimu Ildefonce, kwa heshima zote, kwamba Athari ya Alhamisi haipo, haijawahi kuwepo, na kwamba hataki kuondoka kazini akiwa amebeba uongo uliopakwa vanishi. Akasema ngao ikitolewa ikiwa hivyo ilivyo, ataondoka meza kuu na kwenda kukaa jikoni kwa Mama Walburga. Mkuu wa Shule alijibu kwamba ngao imeshachongwa Songea, na kwamba hawezi kupanda tena milima yote ile kwa ajili ya mstari mmoja.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa tulipoanza kuandika. Kiti chake meza kuu kimeshafunikwa kitambaa cheupe. Na jikoni, Mama Walburga amefuta kigoda.

Mwalimu Asnath alizaliwa Same. Alipopangiwa kazi Ruvuma mwaka 1992, ndugu zake waliitafuta Mbinga kwenye ramani ya ukutani na kuikuta chini kabisa, karibu na mahali panapoanza kuchanika. Alifika na sanduku moja la nguo na mawili ya vyombo vya kioo. Shule yake ya kwanza ilikuwa upande wa Mpepai, katikati ya mahindi na kahawa. Haikuwa na maabara, haikuwa na maji ya bomba, na mkuu wa shule wa wakati huo alimpokea kwa shangwe kwa sababu aliambiwa analetewa mwalimu wa Jiografia.

Huko ndiko alikoanza kupenda utelezi. Wakulima wakishakoboa maganda mekundu ya kahawa huiloweka, ili ule ute unaozizunguka punje utoke. Mwalimu aliupima ute huo kwa miaka mitatu, akaandika kurasa tisini, kisha akaitisha mkutano wa wakulima kuwaeleza kwamba ute huisha haraka zaidi siku za joto kuliko siku za baridi. Walimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Mzee mmoja akasimama, akamshukuru sana, akasema hata marehemu babu yake alikuwa akisema hivyohivyo.

Mtu mwingine angeacha. Yeye aliamua kwamba tatizo ni ute wenyewe kuwa mgumu kupimwa, akatafuta kitu chembamba zaidi. Ndipo alipotengeneza sinia.

Sinia hilo linahitaji maelezo. Ni la bati, lina ukubwa wa dawati, na ndani limepakwa nta ili maji yaweze kujaa mpaka kupita ukingo kidogo bila kumwagika. Nta ilitoka parokiani. Mwalimu ni Msabato, lakini kila baada ya Pasaka alikwenda kuomba vipande vya mishumaa vilivyobaki, na Baba Paroko alimpa kwa furaha iliyozidi kidogo mahitaji ya jambo lenyewe. Inasemekana kwa miaka miwili jina lake lilitajwa kwenye nia za misa, ili amalize safari aliyokwisha kuianza. Alipohamishiwa huku ziwani mwaka 2004 alisafiri mbele ya lori, sinia mapajani, na kila dereva alipokata kona, Mwalimu alimkaripia kana kwamba wamebeba mtoto mchanga.

Swali lake lilikuwa hili, nasi tutalieleza kama alivyotueleza sisi, mara zisizopungua kumi na nne. Protini ni mnyororo mrefu. Ikiwa ndani ya maji hujikunja kama fundo na kuzificha katikati zile sehemu zake zisizopenda maji. Ikifika juu kabisa, pale maji yanapokutana na hewa, hufunguka, huzigeuza sehemu hizo zitazame hewani, na hulala. Kisha inafuata nyingine. Mwalimu alisema ni kama watu wanavyofika kwenye mkeka msibani: wa kwanza hunyoosha miguu, wa mwisho hukaa magoti kidevuni, na baada ya hapo hakuna anayepata nafasi hata kama ni shemeji wa marehemu. Mkeka huo una unene wa molekuli moja tu. Ndio unaolifanya povu libaki ufukweni upepo ukishatulia. Ubaoni aliichora protini kwa mkono wake mwenyewe, na kwa miaka yote wanafunzi wapya waliamini kwamba wanafundishwa utumbo.

Kuupima mkeka usioonekana alitumia kioo chembamba cha hadubini, amekining'iniza kwenye mizani. Kioo kikigusa maji, maji hukivuta chini. Ute wa yai ukitanda juu ya maji, mvuto hupungua. Unahesabu dakika mpaka usipungue tena. Basi. Hakuna kinacholipuka, hakuna kinachobadilika rangi. Wageni wa ukaguzi walioletwa waone sayansi walikitazama kioo kwa muda, wakatazamana, wakauliza chakula ni saa ngapi.

Adui mkubwa wa kazi hiyo ni mafuta. Alama ya kidole kimoja huharibu kipimo cha asubuhi nzima. Kwa hiyo siku za maabara ni marufuku mwanafunzi kujipaka mafuta, mikononi wala miguuni, na Mwalimu husimama mlangoni akikagua magoti. Anayeng'aa anarudishwa. Mbamba Bay nzima hututambua siku hizo: weupe kama tumetoka kusaga unga. Kuna mama wa sokoni aliyetuonea huruma hadi akamfuata Mkuu wa Shule na chupa ya mafuta ya nazi, akasema hata kama ni shule ya serikali, watoto ni watoto.

Kazi ilihitaji ute tu, na yai lina kiini pia. Viini vilikaangwa kwenye taa ya spiriti, nje, kwa kijiko, bila kuguswa kwa mkono. Ndiyo maana Klabu ya Kemia haijawahi kupungukiwa na wanachama. Klabu ya Hisabati, ambayo haina cha kukaanga, ilikufa mwaka 2011.

Sasa tuje Alhamisi.

Januari 2008 Mwalimu aligundua kwamba siku nyingine zote ute wa yai humaliza kutanda kwa dakika saba, lakini Alhamisi humaliza kwa dakika nne. Alibadilisha maji, ikabaki dakika nne. Alibadilisha kuku. Alibadilisha wanafunzi, akafunga madirisha, akavua viatu, na Alhamisi ikaendelea kuwa Alhamisi. Tumeyasoma madaftari yake yote. Jumatano anaandika: "Maji ya kawaida." Alhamisi anaandika: "Leo maji yameamka vizuri." Kwa miaka kumi na mmoja ana Alhamisi mia nne na kumi na mbili, kila moja na tarehe, joto la chumba na jina la mwenye kuku.

Nadharia zilikuwa nyingi. Kwanza alishuku pampu ya maji. Baadaye akashuku meli. Iliyoshinda ilikuwa kwamba ziwa lina pumzi ya siku saba, na kwamba pumzi hiyo hufika hadi maabara kwa njia ya hewa. Mwaka 2010 mlinzi wetu, Mzee Iddy, alimuuliza swali moja tu: "Sasa Mwalimu, hilo ziwa limejuaje kwamba leo ni Alhamisi?" Mwalimu aliliandika swali hilo kwenye daftari. Chini yake akaandika, "Swali zuri." Kisha akaendelea kwa miaka tisa.

Hatumcheki peke yake. Mwaka 2013 jarida dogo la Dar es Salaam lilichapisha makala yake, na kuanzia hapo kila mtu akawa ameshiriki. Taarifa za mwaka zilitaja Athari ya Alhamisi baada ya vyoo vipya na kabla ya madawati. Walimu ambao hawakuwahi kuingia maabara walipigwa picha karibu na sinia. Mwaka 2014 kikasimikwa kibao cha getini, "Karibu Nyumbani kwa Athari ya Alhamisi," na mgeni aliyekifungua alihutubia kwa dakika arobaini kuhusu umuhimu wa kutunza vyanzo vya maji. Hakuna aliyeuliza athari yenyewe ni nini. Tunadhani wengi walifikiri ni jina la ugonjwa tulioushinda.

Mwezi Julai 2019 upepo ulipiga ziwani wiki tatu mfululizo, wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa letu, hawakutoka, na kwa Alhamisi tatu mfululizo ute wa yai ulichukua dakika saba. Mwalimu aliamini ameharibu sinia. Alikwangua nta yote, akaenda parokiani kuomba nyingine, akapaka upya. Dakika saba. Wanaomkumbuka wanasema hakula siku mbili, na darasani aliandika tarehe ubaoni akasahau kuendelea.

Aliyelifumbua jambo hilo ni Benadetha, wakati huo akiwa kidato cha pili, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika vipimo. Pembeni mwa kila kipimo Benadetha alikuwa na tabia ya kuandika chakula cha siku hiyo, si kwa sababu ya sayansi, bali kwa sababu alikuwa na njaa. Mwalimu alilichukua daftari kumkaripia. Akasoma: Jumanne saba, maharage. Jumatano saba, maharage. Alhamisi nne, usipa. Alhamisi nne, usipa. Alhamisi nne, usipa. Kisha Alhamisi tatu za upepo: saba, maharage, saba, maharage, saba, maharage.

Waliokuwepo wanasema alitembea kwenda jikoni bila kukimbia.

Yaliyofuata tunayajua kwa Mama Walburga, mpishi wetu, ambaye huyasimulia kila Alhamisi huku akipakua. Mwalimu aliingia, akatoa shikamoo kama kawaida, akamuuliza kama kuna siku amewahi kulitumia sinia la maabara. Mama Walburga akashangaa kuulizwa. Kila Jumatano jioni, alisema, usipa wakiletwa, hulichukua pale dirishani awamwage na kuwachambua mchanga, kwa sababu hakuna sinia zuri kama lile. "Halishiki kitu, Mwalimu. Samaki wanateleza wenyewe." Na asubuhi hulirudisha mapema, limesuuzwa mara tatu kwa maji safi. Tangu lini? Tangu mwaka ule alipoanza kazi. Mwaka gani? Elfu mbili na nane. Halafu Mama Walburga akauliza swali ambalo shule yetu haitalisahau:

"Kwani lilikuwa na kazi?"

Mwalimu alikaa kwenye kigoda. Akaomba chai. Chai ikaletwa. Ilinuka usipa.

Hapa ndipo tunapoomba msomaji aache kucheka kwa muda, nasi tutajaribu. Mwalimu Asnath alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikuwa na makala iliyochapishwa, kibao getini, na jambo moja la kuwaeleza ndugu zake wa Same kwamba hakupoteza maisha yake chini kabisa ya ramani. Waliojua ukweli walikuwa yeye, Benadetha na mpishi. Jumatatu iliyofuata alisimama mbele ya shule nzima mstarini, akasema: "Nimekosea kwa miaka kumi na mmoja. Ziwa halina Alhamisi. Ilikuwa usipa." Kisha akaelekeza watu wa kidato cha nne waende maabara, akaanza kufundisha.

Mkuu wa Shule alimwita ofisini. Ukuta wa ofisi ni mwembamba, kwa hiyo jibu lake ni mali ya umma. Alisema, "Mwalimu, kwani nani ameuliza?"

Lilikuwa swali la haki. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Mwalimu aliliandikia jarida la Dar es Salaam. Barua ilirudi, jarida lilikuwa limekufa. Aliandika ofisini akiomba ugunduzi wake ufutwe kwenye taarifa za mwaka. Alijibiwa afuate utaratibu na kujaza fomu husika. Kabati la ofisi lina fomu ya likizo, fomu ya safari, fomu ya kiti kilichovunjika na fomu ya kuomba fomu. Fomu ya mtu aliyekosea na anataka kusema haimo. Ombi lake linashughulikiwa, huu sasa ni mwaka wa saba.

Kwa hiyo alibandika tangazo. Kila Januari, kwenye ubao wa matangazo, karatasi moja kwa mwandiko wake: "Athari ya Alhamisi haipo. Chanzo kilikuwa samaki. A. E. Mgonja." Na kila Februari juu yake pakabandikwa ratiba ya mitihani, juu ya ratiba pakabandikwa ligi ya mpira, na juu ya ligi tangazo la simu iliyopotea. Ukiubandua ubao ule leo utamkuta Mwalimu chini kabisa, tabaka la kwanza, ameshika imara.

Kibao cha getini hakikubanduliwa. Mwaka jana wanafunzi sita wa kidato cha kwanza waliandika kwenye mtihani kwamba maji ya ziwa hubadilika kila Alhamisi. Mwalimu aliwapa sifuri. Mzazi mmoja alipanda kilima kizima kuja kulalamika, na tunakiri alikuwa na hoja: "Mwalimu, geti lenu linasema hivi, wewe unampa mtoto sifuri. Nimwamini nani?" Mwalimu alimwambia amwamini yeye. Mzazi akamtazama, akatazama geti, ambalo ni kubwa zaidi, akaondoka akitikisa kichwa. Siku hiyo Mwalimu alisema jambo ambalo tumelibeba mpaka leo. Alisema hajali kukumbukwa kama mtu aliyekosea. Anachoogopa ni kwamba siku atakayoondoka, kosa litabaki peke yake getini bila mtu wa kulipinga.

Karatasi ya ofisi ina mambo matatu tu: "Mgunduzi wa Athari ya Alhamisi," mahudhurio mazuri, na kushiriki Mwenge. Kuna jambo moja haikuliweka, nasi tunaliweka hapa.

Baada ya siku ile ya jikoni, Mwalimu alijiuliza swali ambalo mtu aliyeaibika kwa kawaida hajiulizi. Ikiwa sinia lilisuuzwa mara tatu, usipa waliwezaje kubaki? Alirudi kwenye kioo na mizani kwa miaka miwili. Alipaka nta supu ya usipa, akaisuuza mara tatu, mara sita, mara kumi na mbili. Maji baridi hayakuiondoa. Protini ya samaki ikishalala juu ya kitu, bati au nta, plastiki au alumini, hubaki pale, nyembamba isionekane, na kuchafua kila kinachokuja baada yake. Ijumaa ilipona tu kwa sababu kila Alhamisi jioni Mwalimu alikuwa na desturi ya kukwangua nta ya juu. Kilichoiondoa ni maji ya moto yaliyochanganywa na majivu. Kwa bati, plastiki na alumini, yaani. Nta nayo iliyeyuka mara ya kwanza tu, na Baba Paroko akapata tumaini jipya.

Tangu mwaka 2021 vyombo vya jikoni kwetu huoshwa kwa maji ya moto na majivu. Waliosoma hapa kabla ya hapo wataelewa maana yake. Kwa miaka yote tangu shule ifunguliwe, chai yetu ilinuka usipa. Wazee wetu walikunywa hivyo, kaka zetu walikunywa hivyo, kulikuwa na watu waliofika chuo kikuu wakaona chai ya huko haina ladha. Hatukujua kwamba ni jambo linaloweza kuisha. Leo chai yetu inanuka chai.

Hakuna kibao getini kuhusu jambo hilo. Hakuna mgeni aliyehutubia. Mwalimu Baltazar, tulipomuuliza kama tunaweza kuliweka kwenye orodha, alisema chai si mafanikio ya kitaaluma, akamalizia kikombe chake.

Sasa turudi kwenye ngao.

Ngao ilitunzwa maabara kwa wiki mbili kwa sababu ofisini kunavuja na maabara ndiyo yenye kufuli zima. Tuliitazama kila siku. Si sisi wa kumpinga Mkuu wa Shule, na Songea ni mbali kweli. Lakini Mwalimu alitufundisha katika somo la gundi kwamba ute wa yai ukipakwa chini ya karatasi, ukakaushwa na kupigwa pasi ya moto, protini zake hufunguka, hushikana zenyewe kwa zenyewe na kushika mbao, wala maji baridi hayaziwezi. Jumanne tulinunua yai. Pasi tuliazima. Mikono yetu ilikuwa mikavu, hatukuwa tumejipaka kitu.

Jana asubuhi tulimpelekea ngao Mkuu wa Shule wenyewe, kwa sababu Mwalimu ametufundisha pia kwamba ukifanya kitu unasema. Aliitazama muda mrefu. Alijaribu pembeni kwa ukucha, kisha kwa kitambaa chenye maji. Akatuuliza imebandikwa na nini; tukamweleza mambo ya mkeka wa msibani. Akauliza inatokaje, tukamwambia kwa maji ya moto na majivu, kama alivyogundua Mwalimu Asnath. Akamtuma Mzee Iddy jikoni. Mzee Iddy akarudi mikono mitupu, akasema Mama Walburga anaomba radhi, amepika miaka kumi na minane mfululizo lakini leo hana majivu. Mkuu wa Shule aliirudisha ngao mezani. Halafu, na hili tunaliandika kwa heshima yake, akasema: "Basi isomwe hivyohivyo. Na nani ameuliza?"

Kwa hiyo ngao atakayokabidhiwa leo inasomeka hivi: "Kwa Mwalimu Asnath E. Mgonja. Alikosea miaka kumi na mmoja, akasema. Chai yetu hainuki samaki." Ni mwandiko wetu, umepinda kidogo mwishoni kwa sababu karatasi ilikuwa fupi. Kibao cha getini bado kipo. Tuna mayai, na tuna muhula mmoja kabla ya mtihani.

Sinia anaondoka nalo. Wiki hii amempelekea Mama Walburga jingine, jipya, amelipaka nta mwenyewe, akamwambia hili halina kazi nyingine yoyote.

Mgeni rasmi atakaposhuka kwenye gari ataona kwamba wanafunzi wa Klabu ya Kemia waliojipanga mbele wamepauka kuanzia magoti hadi vidole. Tuliambiwa tung'ae. Tunaomba asidhani tumekosa mafuta, na wala asitume mchango. Leo ni siku ya maabara.

Mwalimu, asante kwa viini vya mayai, kwa sifuri ulizotupa tulipostahili, na kwa ile Jumatatu ya mstarini ambayo wengi wetu hatukuwepo lakini tumeisikia kila Alhamisi. Tunakutakia miaka mingi ya afya, chai safi, na maji yanayoamka vizuri siku yoyote ya wiki. Kiti chako cha meza kuu unaweza kukikalia. Magoti yetu unaweza kuyakagua.